Mhina au waridi la jangwani: upi wa kupanda Lamu penye maji machache?

Mwana wa dada yangu amejenga Wiyoni, hapa Lamu. Mbele ya nyumba pamebaki kipande cha mchanga mtupu, kama hatua kumi na mbili kwa nane, kinachopigwa na jua tangu asubuhi hadi alasiri. Alikuja kwangu mwezi wa pili, kaskazi ikivuma na maji ya kisima yameshuka, akaniambia: "Mama mdogo, nataka kitu cha maua, lakini sina maji ya kumwaga. Wengine wananiambia mhina, wengine waridi la jangwani. Wewe unayo yote mawili. Nipande upi?"

Kabla ya kumjibu nilimuuliza mambo mawili: nani anaishi katika nyumba ile, na mizizi itakaa ardhini au kwenye chungu. Alidhani nalikwepa swali lake. Lakini nimekaa na miti hii miaka mingi, kwanza kwenye kiwanda (ua wa ndani) cha nyumba ya wazee wetu Mkomani, kisha kwenye ua wa nyumba tuliyohamia Shela, na nimeona hayo mawili ndiyo yanayoamua. Ukame wenyewe haukupi jibu, kwa sababu miti yote miwili inauhimili. Inatofautiana kwa namna inavyouhimili, na kwa kile inachomfanyia mtu anayeigusa.

Yote miwili ni ya nchi kavu yetu

Hilo kwangu ni jambo kubwa. Bustani nyingi za pwani zimejaa mimea iliyoletwa kutoka Amerika na Asia, kisha mwenyewe anahangaika na mpira wa maji kila magharibi, ilhali nyika iliyo nyuma yetu ina vichaka vilivyozoea kukaa miezi bila tone.

Waridi la jangwani, ambalo wataalamu wanaliita Adenium obesum na wengine huliita mdagu, huota lenyewe kwenye nyika kavu ya Kenya, Tsavo ikiwemo. Eneo lake linaanzia Afrika Magharibi, kusini ya Sahara, linapita Pembe ya Afrika na kuvuka hadi Uarabuni. Jina Adenium limetokana na Aden, bandari ya Yemen ambayo mabaharia wa Lamu waliijua vizuri, na obesum ni Kilatini cha unene, kwa sababu ya shina lake lililovimba chini kama mtungi. Aliyeliandika kwanza kitaalamu ni Peter Forsskål, aliyelikuta Yemen na kufia huko huko mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775, yeye akiwa kaburini.

Mhina, Lawsonia inermis, una eneo linalokaribiana na hilo: Afrika ya Kaskazini na Mashariki, Uarabuni, hadi Asia ya Kusini. Hapa Kenya huota kando ya mito na makorongo ya nchi kavu. Ni wa ukoo mmoja na mkomamanga, na pia na mlilana, ule mti wa mikokoni unaosimama mbele kabisa kwenye maji. Linnaeus alipoupa jina mwaka 1753 alichagua neno inermis, yaani usio na silaha, kwa kuwa matawi machanga hayana miba. Lakini aliyewahi kupogoa mhina mkuukuu anajua kuwa vitawi vyake vya zamani hukauka na kuwa ncha zinazochoma mkono vizuri tu. Vaa kitu mkononi.

Maji

Mvua yetu kubwa ni ya masika, Aprili hadi Juni, na mwezi wa tano ndio unaomwaga zaidi. Vuli huja kidogo mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mwaka mwingine ikapita mbali. Baada ya hapo, Januari hadi Machi, mchanga wa Shela unawaka na hakuna kinachoshuka. Kwa hiyo ukitafuta mti wa Lamu, tafuta unaoweza kungoja.

Waridi la jangwani limeweka akiba yake tumboni. Lile shina nene limejaa maji, na kiu ikizidi mti unaangusha majani, unabaki uchi na kungoja. Mhina umeweka akiba yake mguuni: mizizi inashuka chini ndani ya mchanga kutafuta unyevu ambao sisi juu hatuuoni. Ukiielewa tofauti hiyo umeelewa karibu kila kitu kuhusu utunzaji wa miti hii. Mti wenye akiba tumboni unakaa chunguni bila shida, mradi usiujaze maji. Mti wenye akiba mguuni ukiutia chunguni umeukata miguu.

Nililijua hilo kwa hasara. Waridi langu la kwanza nililipanda kwenye beseni la plastiki lisilo na tundu, nikaliweka katikati ya kiwanda, nikawa nalimwagilia kila siku kwa sababu nalipenda. Marehemu bibi yangu aliniona akaniambia, "Usiupe mai mangi, utaoza." Sikusikia. Ilipofika masika, mvua ya usiku mmoja ilijaza beseni, na baada ya wiki mbili shina lililokuwa gumu kama kiazi lilibonyea nilipoligusa kwa kidole. Lilikuwa limeoza kutoka ndani, na majani bado mabichi juu. Niliona uchungu kwa sababu si ukame uliolimaliza, ni maji.

Sasa naenda hivi. Waridi la chunguni nalimwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha siligusi mpaka nikichomeka kidole chote kwenye udongo kitoke kikavu. Wakati wa kaskazi kali hiyo ni kama mara moja kwa wiki. Wakati wa kusi, hali ya hewa ikiwa imepoa na mawingu yapo, wiki mbili zinapita. Masika yakianza navisogeza vyungu chini ya upenu wa makuti, vinyeshewe pembeni tu.

Mhina wa ardhini unadai zaidi mwanzoni, kisha haudai tena. Mwaka wa kwanza upe nusu ndoo mara mbili kwa wiki kipindi cha kiangazi, na uyamwage polepole yashuke, usinyunyize juu juu, kwa sababu mizizi hufuata maji yanakokwenda. Mwaka wa pili mara moja kwa wiki inatosha. Kuanzia wa tatu, mimi huwa siupi kitu ila nikiona majani ya chini yanageuka manjano na kudondoka mwezi wa tatu.

Na hapa kuna maji tunayoyasahau: ya udhu. Nyumba ya watu watano wanaosali inamwaga maji safi mara tano kwa siku, hayana sabuni, na mengi yanaishia kwenye mfereji. Mume wangu alichimba mfereji mdogo kutoka mahali pa kutawadhia hadi kwenye mihina miwili, na mihina hiyo ndiyo mikubwa kuliko yote niliyo nayo.

Chumvi ya maji ya kisima nayo iangaliwe. Visima vingi vya mjini vina ladha ya chumvi, vya upande wa matuta ya Shela ndivyo vitamu. Ukimwagilia chungu kwa maji ya chumvi, ile chumvi haina pa kwenda, inakusanyika, na baada ya miezi unaona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu na ncha za majani zimeungua. Kwa mti wa ardhini, mvua ya masika inaisafisha na kuishusha chini. Kwa chungu, lazima uifanye mwenyewe: mara moja moja mwaga maji ya mvua kwa wingi mpaka yatoke chini mara tatu nne, kisha acha ukauke sawasawa. Kama kisima chako ni cha chumvi na huna birika la mvua, hiyo ni sababu ya kutosha kuchagua mhina wa ardhini.

Sumu

Sehemu hii niliisema kwa mwana wa dada yangu kabla ya kuzungumza habari ya uzuri, na ninaomba isomwe mara mbili.

Utomvu wa waridi la jangwani ni sumu. Ni wa ukoo wa oleanda, na sumu zake ni zile zinazovuruga mapigo ya moyo. Sehemu nyingi za Afrika watu wameutumia kwa mishale; Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, wanauchemsha utomvu wake mpaka unakuwa mzito na kuupaka kwenye mshale wa kuwindia. Mti unaoangusha mnyama mkubwa si mti wa kuachia mtoto mchanga.

Simaanishi kwamba ukiugusa utadhurika. Nimeyashika haya mawaridi miaka mingi. Lakini ukikata tawi, utomvu utatoka. Uoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa jicho au chakula. Kisu cha kupogolea kisirudi jikoni. Matawi yaliyokatwa yasiachwe uani mahali mtoto anapochezea, na asiwepo mtu wa kuchukua kijiti chake akafanya mswaki. Mtoto akitafuna hata kipande kidogo, usingoje uone kama atatapika. Mpeleke hospitali na uende na tawi la mti ili daktari aone ni nini.

Mwana wa dada yangu ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Kila anachookota kinakwenda mdomoni. Kwa ua ule wa Wiyoni, ulio chini, ulio wazi, ambao mtoto atautambaa kila siku, waridi la jangwani lilitoka kwenye hesabu hapo hapo.

Kwa wanyama, sumu hiyo hiyo ni kinga. Lamu punda wanazunguka huru, na mbuzi pia, na kila aliyewahi kupanda kitu nje ya ukuta anajua maana yake. Mawaridi yangu ya nje hakuna punda aliyeyagusa. Mihina haikuwa na bahati hiyo: mbuzi wa mtaani aliimaliza miche yangu minne kwa alasiri moja. Mhina mchanga uzungushie mabua ya makuti au wavu mpaka ufike kimo cha kifua. Ukishakomaa, akila ncha mbili tatu haudhuriki, utatoa nyingine.

Maua ya macho na maua ya pua

Kwa macho, waridi la jangwani linashinda na sitabishana na yeyote. Maua yake ni makubwa, ya waridi iliyokolea hadi nyekundu, katikati yamefifia kuwa meupe, yamekaa kwa mafungu kwenye ncha za matawi. Na hutoa kwa wingi wakati wa ukavu, mara nyingi majani yakiwa machache au hakuna, kaskazi kali, wakati kila kitu kingine kina rangi ya vumbi. Ukiliweka mbele ya ukuta mweupe wa chokaa, daka lote (baraza la mlangoni) linabadilika. Hata lisipokuwa na ua, lile shina lililovimba lenyewe ni pambo.

Maua ya mhina ni madogo, ya rangi ya maziwa, mengine yana wekundu kwa mbali, yamejikusanya kama vishada vya mpunga. Mgeni anaweza kupita asiyaone. Lakini hatapita asiyanuse. Jioni upepo ukitulia, harufu yake inajaza ua na kuvuka ukuta; tamu, nzito kidogo, si kali kama asumini. Mimi hukata kishada kimoja nikakiweka kwenye kabati katikati ya kanga. Nyuki wanaupenda sana, na mchana mti mzima unavuma. Mwenye kuogopa nyuki asiupande mlangoni.

Waridi la jangwani halina harufu ya kusimulia.

Hina yenyewe, na gharama yake

Watu wanasema, panda mhina upate maua na hina. Ni kweli, ila si kwa tawi lile lile wala kwa mwezi ule ule. Maua ya mhina hutoka kwenye ncha za matawi mapya. Ukivuna majani unakata ncha hizo hizo. Ukiukata kila miezi miwili ili uwe ua mzuri wa mstari ulionyooka, huna maua kabisa, na utakuja kulalamika kwamba mhina wako ni tasa. Niliyapata yote mawili nilipoigawa: mihina ya upande wa barabara naikata, naivuna, ndiyo ukuta wangu, mihina miwili ya ndani, ile inayokunywa maji ya udhu, naiachia ifike kimo cha mlango na zaidi, naipogoa mara moja tu kwa mwaka baada ya kuzaa.

Majani ya kuvuna ni yaliyokomaa, si yale machanga laini. Mti uanze kuvunwa ukifika miaka miwili au mitatu. Kata matawi asubuhi, yakaushe kivulini, kwa sababu jua kali linapunguza rangi, kisha pukusa majani, twanga kwenye kinu na uchekeche kwa kitambaa chepesi. Unga wake uwe wa kijani. Ukiwa wa kahawia umeshazeeka. Kinachotia rangi kinaitwa losoni, na hushikana na ngozi, kucha na nywele. Majani ya mti ulioteswa kidogo na jua na ukavu hutoa rangi iliyokolea kuliko ya mti uliobembelezwa kwa maji, kwa hiyo hapa uvivu wa kumwagilia unalipa. Kanda kwa maji ya limau au chai, acha masaa kadhaa, paka. Siku ya kwanza utaona rangi ya machungwa, na siku ya pili au ya tatu inakolea kuwa nyekundu ya kahawia.

Kuwa na mhina wako kunakuondolea wasiwasi mmoja mkubwa. Hina safi haitoi weusi wa lami. Weusi ule wa piko unatokana na rangi za nywele zenye parafenilinidiamini, na nimeona bibi harusi ambaye wiki moja baada ya harusi michoro ya mikono yake ilikuwa imevimba na kutoa maji. Hina uliyotwanga mwenyewe unajua kilichomo.

Lakini hata hina safi ina mpaka wake. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kinachoitwa G6PD, na upungufu huo hupatikana zaidi sehemu zilizoishi na malaria miaka mingi, pwani yetu ikiwemo. Kwa mtoto wa aina hiyo, hina iliyopakwa mwilini inaweza kuzivunja chembe nyekundu za damu, akaingia manjano na upungufu wa damu. Tuna mazoea ya kuwapaka watoto wachanga viganja na nyayo kwa furaha. Mimi nimeacha kwa walio chini ya mwaka, na ninawaomba wenzangu waache.

Kuotesha

Mhina unaombwa kwa jirani. Kata kijiti cha unene wa penseli, urefu wa shibiri moja, kisiwe cha mwaka huu wala kikuukuu, ondoa majani ya chini, chomeka nusu yake kwenye mchanga uliochanganywa na samadi ya punda iliyooza, weka kivulini. Mwanzo wa masika ndio wakati wake. Kwa kiasi cha mwezi mmoja unaona machipukizi. Mbegu pia huota, lakini ni ndogo kama vumbi la mtama, zinahitaji kulowekwa siku kadhaa huku ukibadilisha maji, na nyingi hazitoki. Kwa ukuta wa uani acha dhiraa moja kati ya mti na mti. Chini ya hapo inasongana, ikawa mirefu bila majani miguuni.

Waridi la jangwani lina njia mbili, na zinakupa miti tofauti. Ukipanda kijiti utapata mti na maua, ila tumbo lake halinenepi vizuri. Ukipanda mbegu utapata lile shina la mtungi ambalo ndilo watu wanalolitafuta. Mbegu zake zimekaa kwenye maganda mawili yaliyochongoka kama pembe za mbuzi, na kila mbegu ina unyoya huku na huku ili upepo uibebe. Ganda likianza kubadilika rangi lifunge kwa uzi, la sivyo utaamka ukute limepasuka na mbegu zimekwenda. Mbegu mbichi huota ndani ya wiki. Zikikaa miezi zinapoteza nguvu. Mti mmoja peke yake mara nyingi hauzai, hivyo kama unataka mbegu uwe na miwili ya asili tofauti.

Udongo wake uwe wa kupitisha maji upesi: mchanga mnene, kokoto ndogo au matumbawe yaliyopondwa, na samadi kidogo sana. Mchanga wa ufukweni uoshwe kwa maji matamu kwanza. Chungu cha udongo wa kuchoma ni bora kuliko cha plastiki kwa sababu kinapumua, na tundu la chini liwe la kupitisha kidole gumba. Kila unapobadilisha chungu, kiasi cha kila miaka miwili, upandishe mti juu kidogo ili sehemu ya mizizi minene ionekane.

Yale mawaridi ya rangi za ajabu, ya petali mbili mbili, ya njano au karibu nyeusi, ni miti iliyounganishwa. Mengi ya aina hizo yamezalishwa Thailand na Taiwan. Ni mazuri, lakini bei yake ni kubwa na chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo likatwe, vinginevyo mti wa chini unameza wa juu. Kwa anayeanza, chukua lile la waridi la kawaida la nyikani. Ndilo linaloijua hewa yetu.

Magonjwa ni machache. Kwa waridi, angalia wadudu weupe kama pamba kwenye vikonyo, uwafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na viwavi vinene vya kijani vinavyoweza kumaliza majani kwa usiku mmoja. Viokote kwa mkono, majani yatarudi. Shina likibonyea, ling'oe mara moja, kata sehemu yote iliyooza mpaka ukute nyama nyeupe safi, likaushe kivulini wiki nzima au mbili kabla ya kulipanda tena kwenye udongo mkavu. Nimeokoa mawili hivyo. Mhina wangu haujawahi kuugua, ila mwaka mmoja uliposimama kwenye maji ya mvua siku kumi. Miguu ya mhina haipendi dimbwi.

Wanaoniuliza habari ya boganvilia

Ni mti wa Amerika ya Kusini, nao unahimili ukame, na rangi yake sina la kuisema. Lakini vichochoro vyetu ni vyembamba. Punda mwenye mizigo na mtu mwenye ndoo kichwani wakipishana penye boganvilia iliyoning'inia na miba yake, mmoja ataumia. Una ukuta mrefu na kiwanja kipana, panda. Kwenye kichochoro, waonee huruma wapita njia.

Kwa nyumba ipi, upi

Ukiwa na dari ya saruji juu, isiyo na udongo, inayochomwa na jua kutwa, usisumbuke na mhina. Weka mawaridi ya jangwani matatu au manne kwenye vyungu vizito, maana upepo wa kusi huko juu unaangusha chungu chepesi. Unaweza kusafiri mwezi mzima na ukarudi ukayakuta. Kwa kiwanda cha nyumba ya mawe ya zamani, fikiri kwanza jua linaingia saa ngapi: waridi linataka jua kwa muda wa saa sita na zaidi kila siku, na viwanda vingi vya Mkomani vina kuta ndefu. Kwenye kivuli litarefuka, litalegea, halitatoa ua. Mhina nao haupendi kivuli, hivyo kiwanda chenye giza nakishauri kibaki na rihani.

Ukiwa na ardhi, hata hatua nne tu, na hasa kama kuna watoto, mhina. Ukiwa karibu kabisa na bahari, unapopigwa na rasharasha za chumvi, mhina wa mstari wa mbele ncha zake zitaungua kila kusi. Wangu wa Shela huungua, nakata, unatoka upya. Waridi pale pale limevumilia vizuri zaidi. Kwa nyumba ya wageni isiyo na watoto, au ofisi ambayo hakuna anayekumbuka kumwagilia, waridi. Kwa familia yenye mabinti watakaoolewa, sihitaji kusema.

Moyo wangu uko kwenye mhina. Waridi la jangwani unalitazama. Mhina unaishi nao, unaukata, unautwanga, unaunusa, unampa jirani kijiti. Lakini kila asubuhi ya mwezi wa pili, nikifungua mlango nikaona lile waridi limesimama bila jani hata moja na maua ishirini kichwani, nasimama pale kidogo kabla ya kwenda kuteka maji.

Mwana wa dada yangu alichukua vijiti vitano vya mhina kutoka kwenye ule mti wa maji ya udhu. Alivitia ardhini mwezi wa nne, siku ya pili ya mvua, akavizungushia makuti. Vinne vimeshika. Waridi alilokuwa amelipenda nimemtilia kwenye chungu cha udongo, liko kwangu juu ya dari, na atalichukua mtoto akifika umri wa kwenda chuoni kusoma Kurani.